Naandika wiki moja, napotea mwezi mzima

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa nguo, nina kibanda Kariobangi, Nairobi. Tangu mwaka jana naandika blogu ya Kiswahili kuhusu ushonaji na utunzaji wa vitambaa. Watu wanaisoma, na wateja wengine hunijia kwa sababu yake. Shida yangu ni utaratibu. Nilijipangia Jumapili usiku watoto wakishalala. Nikiketi, macho yamechoka, sijui nianzie wapi, sentensi moja naifuta mara tano. Namaliza saa saba usiku, na Jumatatu nakata kitambaa kombo. Kisha napotea mwezi mzima. Siku nyingine zimejaa kazi, na Jumatano asubuhi huwa niko Eastleigh nikingoja maduka yafunguliwe ninunue vitambaa. Je, nijilazimishe kuandika kila siku kama wengi wanavyoshauri?
Fundi, Kariobangi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usijilazimishe. Una cherehani, una watoto, una wateja wanaotaka nguo za harusi Ijumaa jioni. Makala moja kila baada ya wiki mbili, isiyokosa, itakushikia wasomaji kuliko nne za mfululizo na kimya kirefu baadaye.

Hiyo Jumapili usiku unaibebesha mzigo usio wake. Katika kikao kimoja unatafuta la kusema, unaandika, unasahihisha na kuchapisha. Kibandani hufanyi hivyo. Mteja unampima leo, kitambaa unakikata kesho, unakishona siku nyingine, na pasi huja mwisho. Nani hupiga pasi nguo ambayo haijashonwa? Kufuta sentensi ya kwanza mara tano ndiko huko.

La kusema usilitafute usiku. Wateja wanakuletea mchana. Akija mtu na gauni la kitenge akiuliza, “Mbona limekuwa fupi na nimelifua mara moja tu?” amekupa makala nzima. Jibu unalijua: pamba hunywea ikikutana na maji, ndiyo maana kitambaa hulowekwa na kukaushwa kabla hakijaguswa na makasi. Weka daftari hapo penye chaki na futi, uandike swali lile kwa maneno ya mteja mwenyewe, usiyapambe. Ndiyo maneno ambayo mwingine mwenye shida hiyo atayaandika akitafuta kwenye intaneti, kwa hiyo kichwa cha makala umeshakipata.

Kuhusu wakati, nikueleze yaliyonifaa mimi. Naishi Umoja. Mtaani kwetu maji huja kwa mgao, Jumanne na Ijumaa, kabla hakujapambazuka. Usipoamka, utanunua ya mkokoteni. Kwa miaka mingi nilikuwa nangoja pipa lijae nikiwa nimeshika simu, nasoma habari za watu. Alfajiri moja ya Jumanne nikachukua kaunta buku, nikaweka stuli mlangoni mwa bafu, nikaanza kuandika kwa kalamu. Pipa tupu hunguruma maji yakiingia. Kadiri linavyojaa, mlio hupanda, ukawa mwembamba kama filimbi. Ukifika hapo mimi huacha kuandika, hata sentensi ikiwa katikati, nikimbilie mfereji.

Hiyo sentensi iliyokatika ndiyo iliyonifundisha zaidi. Ijumaa yake sikukuta ukurasa mtupu. Nilikuta maneno yangu mwenyewe yakiningoja niyamalizie, nikaingia kazini kabla sijapata nafasi ya kuogopa. Tangu siku hiyo siachi tena mwisho wa aya. Naachia mahali ninapojua neno linalofuata.

Kuna Mwitaliano, Francesco Cirillo, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, alijipimia masomo kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Utaratibu wake ni dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika. Wengi unawasaidia. Lakini saa lazima uiwashe mwenyewe, na siku ya uchovu huiwashi. Maji hayaniulizi kama nimechoka.

Wewe pia unalo jambo lisilokuuliza: hiyo Jumatano ya Eastleigh. Ukiwa unangoja maduka, ingia hotelini, agiza chai, simu ibaki mkobani. Chagua swali moja daftarini ulijibu kama unavyomjibu mteja aliyesimama mbele yako. Maduka yakifunguliwa, funga daftari papo hapo. Jumatano ya pili utamalizia.

Kusahihisha kuwe siku nyingine, na kuwe kwa sauti. Msomee anayekusaidia kibandani. Pale atakapouliza, “Unamaanisha nini?” ndipo pa kufumua na kushona upya. Kuchapa kwenye simu na kuchapisha hakuhitaji akili nyingi, kwa hiyo Jumapili usiku yako ibaki kwa hilo tu, kisha ulale.

Neno moja zaidi, maana najua kazi yenu. Disemba nguo za Krismasi zitakufunika, na kabla hujapumua, wazazi watafika na sare za shule za Januari. Andika makala mbili za ziada kufikia Oktoba, uziweke kando, usiziguse hadi msimu huo wa Disemba na Januari.