Nilimkatia Bibi Harusi kwa Vipimo vya Dada Yake

Jumamosi iliyopita nilikabidhi sare 22 za sendofu. Kitambaa kimoja, miili ishirini na miwili, na hakuna hata sare moja iliyorudishwa. Najua kwa fundi kijana hiyo si habari. Kwangu ilikuwa sikukuu, nikafunga kibanda mapema nikaenda kula chipsi kuku peke yangu. Mliokuwa mkinifuata miaka mitatu iliyopita mnajua kwa nini.

Nashona Temeke tangu 1999. Kilichonipa jina si mshono, maana mafundi wenye mkono mzuri wamejaa mjini. Ni kichwa. Nikishampima mtu mara moja, vipimo vyake ninavyo: kifua 38, kiuno 32, hipsi 44. Akirudi baada ya miezi sita na kitenge kipya, namwambia aache kitambaa aende zake. Wateja walikuwa wanawaleta wenzao waje waone mazingaombwe hayo. Daftari niliwaachia wanafunzi wangu, na nilikuwa nawatania nalo.

Nilipofika miaka 49 hedhi ikaanza vituko. Inakuja baada ya wiki mbili, inapotea miezi miwili, ikirudi ni bomba limepasuka. Usiku naamka shuka limelowa jasho na feni inazunguka. Mchana nimeshika mkasi, sikumbuki kama mkono niliokwisha kata ni wa kulia au wa kushoto. Binti anayenisaidia nilimwita kwa majina ya mabinti wote waliowahi kupita pale kabla sijalifikia lake. Kichwa kilikuwa kama redio iliyopotea stesheni: sauti ipo, maneno hayashikiki.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na biashara yenyewe ndiyo hicho kichwa?

Basi wakaja ndugu wawili siku moja, bibi harusi na dada yake mwembamba. Nikawapima wote, sikuandika. Lesi ya bibi harusi ilikuwa ya gharama, mita tano kutoka Kariakoo. Nikaikata usiku nikiwa na uhakika kabisa, na hapo ndipo penye ubaya wake, kwamba wakati unakosea husikii shaka yoyote. Alipokuja kujaribu, zipu haikupanda hata nusu. Nguo pana inapunguzwa. Iliyokatwa ndogo haina dawa, na mimi huwa siachi kitambaa kingi ndani ya mishono kwa sababu sijazoea kukosea.

Zilibaki siku tatu. Nilizunguka Kariakoo kutwa nzima, nikanunua lesi nyingine kwa pesa yangu, na rangi haikufanana sawasawa. Mama yake akasimama mlangoni pangu, watu wapo, akasema: "Fundi amezeeka huyu, tafuteni vijana." Lesi nililipa nikasahau. Neno hilo sijalisahau, mimi niliyekuwa nasahau kila kitu. Tukikutana sokoni tunasalimiana vizuri tu, lakini bado limenikaa kooni.

Hofu yangu ya siri ilikuwa mama mkubwa, ambaye uzeeni alifikia kutowatambua wanawe. Nilidhani langu limeanza mapema. Ilinichukua miezi mitano kwenda kituo cha afya, na ajabu, daktari aliniuliza habari za siku zangu kabla ya habari za kichwa. Akaniambia estrojeni haifanyi kazi kwenye kizazi peke yake, ubongo nao unaitumia, pamoja na ile sehemu inayohifadhi mambo mapya. Miaka ya kuelekea kukoma hedhi homoni hiyo inapanda na kushuka, na ukichanganya na usingizi unaokatwakatwa na jasho, lazima kichwa kiyumbe. Kukoma kwenyewe kunahesabiwa ukitimiza miezi 12 bila damu, na wengi wetu tunafika hapo kati ya miaka 45 na 55. Baadaye nilisoma kwamba Marekani kuna utafiti ulioanza 1996 unaowafuatilia wanawake wa rika hili mwaka hadi mwaka. Uwezo wa kujifunza mambo mapya uliodorora kipindi cha mpito ulirejea baada ya hedhi kukoma. Niliusoma mstari huo mara tatu, na safari hii si kwa kusahau.

Kisha akapima damu. Ilikuwa 8.9. Kumbe nilikuwa nakata lesi za watu nikiwa sina damu! Nikapewa FEFO, vidonge vya kuongeza damu, na ushauri wa kula maini na mboga za majani, na ndani ya miezi michache nilianza kujisikia mtu.

Kwa hiyo dada zangu, kapimeni. Damu, presha, na tezi la shingo pia, kwa sababu nalo likilegea linaleta usahaulifu huohuo. Msikae nyumbani mkijiita wazee. Na andikeni. Mimi naandika mteja akiwa bado amesimama mbele yangu, si akishaondoka, na nabana kipande cha kitambaa chake kwa pini kwenye ukurasa wake. Mezani inakaa kazi moja tu. Chai ya rangi baada ya saa kumi jioni nimeacha, nalala na kanga nyepesi ya pamba. Lakini kubwa ni kuandika, andika hata kile unachoapa huwezi kukisahau. Tuliolelewa kusifiwa kwa akili nyepesi ndio tunaopata shida zaidi, maana daftari tunaliona kama fimbo ya kutembelea. Acheni kiburi. Mimi kiburi changu kilikula mita tano za lesi.

Sare ya 19 kati ya zile 22 ilikuwa ya yule dada mwembamba, amerudi mwenyewe. Aliponiona nachukua futi alicheka, "Si unavyo kichwani, mama?" Nikampima upya. Kiuno kimeongezeka inchi tatu, hata kichwa cha zamani kingemkatia vibaya.