Betri ya kilo saba kwenye Altezza

Mangi wa mtaani kwetu Tabata ana mizani ya kupimia magunia ya mkaa, na ndiyo iliyonipa namba za kwanza. Betri niliyoikuta kwenye gari wakati nalinunua, ya saizi inayoandikwa 55D23L, ilisoma kilo 15 na nusu. Ile ndogo niliyoitoa kwenye boksi asubuhi hiyo, AGM (betri ya risasi iliyozibwa, asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo) ya Ah 17, yaani ampia-saa, kipimo cha umeme inaohifadhi, ikasoma 7. "Kaka, hii si ya bodaboda?" mangi akauliza. Nikamcheka.

Gari lenyewe ni Toyota Altezza, injini ya 3S-GE ya lita 2. Siku za wiki linanipeleka kazini, Jumapili nalichezea. Wazo la betri ndogo nililipata Bagamoyo kwenye rali, nilipochungulia chini ya boneti ya gari moja la mashindano nikaona kibetri cha ukubwa wa tofali kimefungwa pembeni, na nafasi yote iliyobaki imepita bomba nene la kuingizia hewa kwenye injini. Nafasi ile ndiyo iliyonitoa udenda, kuliko hata wepesi.

Maana wepesi, tusidanganyane, kilo 8 na nusu kwenye gari la kilo 1,300 na ushee huzisikii. Lita 11 za petroli zina uzito karibu huohuo. Siku ukitembea na nusu tanki umeshapunguza zaidi ya nilichopunguza mimi kwa hela nyingi. Ukikutana na mtu anayekuambia alibadilisha betri tu na gari likaanza kukata kona kama swala, jua anakunogeshea stori.

Hofu ya wengi ni kwamba kibetri hakitawasha injini. Hapo sikuwa na hofu na mpaka leo sina. Zile namba za CCA zinazoandikwa kwenye betri, yaani nguvu yake ya kuwasha injini kwenye baridi, hupimwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, ambako oili imeganda kama uji wa jana. Dar es Salaam asubuhi ni nyuzi 25, oili inatiririka, stata haina kazi ngumu. Niliweka mita ya umeme kwenye terminali nikamwambia mdogo wangu awashe: volti zilishuka hadi 10.4 na injini ikashika mara moja. Ikishuka chini ya 9.6 wakati wa kuwasha ndiyo uanze kuwaza. Baada ya hapo altaneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, ikawa inatoa 14.1, sawa kabisa kwa AGM, ambayo haitaki ipitishwe sana juu ya 14.7.

Kilichonisumbua kwanza ni kuifunga. Trei ya Altezza imekatwa kwa betri ndefu ya sentimita 23, na yangu ilikuwa na urefu wa 18 na unene wa 8 hivi. Ilikuwa inaelea mle kama embe moja kwenye tenga. Fundi umeme niliyempelekea akachukua mpira wa tyubu, akauzungusha mara nne, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Bosi, hii haitoki hapa mpaka tuzeeke." Nikakubali, kwa sababu nilikuwa na haraka na kwa sababu mpira wa tyubu umebeba mizigo ya nchi hii miaka yote.

Wiki ya pili, nikiwa natoka Bunju, baada ya tuta la tatu au la nne redio ilizima na kuwaka yenyewe. Nikasimama pembeni, nikafungua boneti. Joto la injini lilikuwa limeulegeza mpira, betri imelala kidogo, na kichwa cha terminali chanya kimegusa bati la boneti. Pale kilipogusa palikuwa na alama nyeusi ya ukubwa wa punje ya hindi, rangi imeungua mpaka chuma kinaonekana. Nikaiangalia ile alama kwa muda mrefu. Kati ya betri na fyuzi ya kwanza hakuna kinachokulinda. Umeme wote wa betri ungepita pale kwenye punje ya hindi, na bomba la petroli halikuwa mbali.

Kwa hiyo nilikwenda Gerezani kwa mchomeleaji, nikakaa naye nusu siku. Alinitengenezea kikalio cha bati la milimita 3 chenye kingo nne, juu kina mkanda wa flati ba (chuma bapa) unaobanwa na bolti mbili ndefu, na ndani tukaweka vipande vya mpira ili chuma kisisage plastiki. Ukimaliza kufunga, ishike betri kwa mikono miwili uitikise kama unataka kuing'oa. Gari lote litikisike, betri isisogee peke yake. Na terminali chanya ivae kofia ya plastiki, hata kama fundi anakuambia haina haja.

Vichwa vya waya navyo vilileta maneno. Kibetri changu kina matundu ya bolti ya M6 (unene wa milimita 6), gari lina vile vichwa vya kubana kwenye nguzo nene. Kuna vipande vya shaba vinavyofungwa juu ya tundu ili kupata nguzo, vinauzwa pamoja na betri au pembeni. Nunua hivyo. Nimeona watu wanajaza pengo kwa waya wa shaba, kwa karatasi ya sigara, hata kwa msumari uliopigiliwa, halafu wanashangaa kwa nini kila wiki terminali ina joto. Wakati wa kufungua anza na hasi, wakati wa kufunga malizia na hasi. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi utaona cheche ambazo hutazisahau, na spana namba 10 inayonasa pale inakuwa nyekundu haraka kuliko unavyoweza kuiachia.

Mpaka hapo nilikuwa nimeridhika. Bomba la hewa limepita, gari linawaka, picha nimewatumia washkaji. Kisha nikapata msiba Tanga. Nilikwenda kwa basi, nikakaa siku tisa. Niliporudi usiku nikabonyeza rimoti ya alamu, kimya. Nikafungua mlango kwa ufunguo, hata taa ya ndani haikuwaka. Mita ikasoma volti 6.8. Betri ya risasi, hata ikiwa AGM, ikifika huko chini ikakaa siku mbili tatu, sahani zake zinaanza kuvaa chumvi ya salfeti na hairudi tena kama ilivyokuwa. Yangu niliichaji usiku kucha, ikawasha gari, lakini kuanzia hapo ikawa kama mzee aliyetoka hospitali.

Ndipo nikapima kitu ambacho nilipaswa kukipima kabla ya kutoa hata senti: gari linakula umeme kiasi gani likiwa limezimwa na kufungwa. Ni kazi ya dakika arobaini. Fungua boneti, fungua mlango wa dereva kisha sukuma kitasa chake kwa bisibisi ili gari liamini mlango umefungwa. Toa waya wa hasi, weka mita kati ya waya na nguzo ya betri, ikiwa kwenye tundu la ampia 10. Kisha subiri nusu saa, kwa sababu kompyuta za gari zinachelewa kulala. Na usithubutu kuwasha gari mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake.

Yangu ilitulia kwenye ampia 0.08. Gari lenye afya linakaa 0.05 au chini. Ziada yangu ilitoka kwenye alamu na ile GPS niliyofungiwa baada ya gari la jirani kuibwa. Sasa zidisha: 0.08 mara saa 24 ni karibu Ah 2 kwa siku. Kibetri cha Ah 17 kinakauka siku ya tisa. Siku ya tisa! Ile betri kubwa niliyoitoa, ya Ah 60, kwa ulaji huohuo ingekaa mwezi mzima, na siku ile ninatoka Tanga ingekuwa bado na zaidi ya theluthi mbili. Kumbe betri kubwa nilikuwa naibebea siku ambazo sipo.

Kama gari lako unaliendesha kila siku na halina GPS, huenda hesabu yako ikawa nzuri kuliko yangu. Kama lina muziki mkubwa nyuma, sahau kabisa. Kwenye foleni ya Ubungo, AC na feni vikiwa kazini, altaneta inatoa kidogo injini ikiwa inaunguruma tu, na kinachopungua kinachotwa kwenye betri. Swichi ya kukata umeme kwenye waya wa hasi inasaidia, ila inazima na GPS, sasa mwizi atakushukuru.

Halafu kuna wanaoniuliza kuhusu betri za UPS. Kweli zipo za volti 12, Ah 18, na umbo linafanana mno. Bei ndiyo inayoshawishi. Zimetengenezwa kukaa ndani kwenye kivuli zikisubiri umeme ukatike, si kukaa kando ya injini na kusukuma stata. Jamaa yangu alijaribu, ikawasha gari wiki tatu, kisha ikavimba ubavu.

Lithiamu ni nyepesi zaidi. Porsche walitangaza ya kwao mwishoni mwa 2009 kwa ajili ya 911 GT3 na Boxster Spyder: kilo 6, zaidi ya euro 1,900, na mnunuzi alipewa na betri ya kawaida ya pembeni kwa ajili ya baridi. Sisi baridi si tatizo letu, joto la chini ya boneti ndilo tatizo, na seli zenyewe haziupendi moto hata kidogo. Ukiwa nayo, iweke kwenye buti.

Mimi sasa nimeweka 46B24LS, Ah 45. Ni nyembamba kuliko ile ya kwanza, nayo mizani ya mangi ilisema kilo 12, na nilipoomba S ya mwisho nilijua ninachoomba: maana yake nguzo nene, vichwa vya Altezza vinaingia bila ujanja. Ukichukua 46B24L tupu utaletewa nguzo nyembamba na utarudi kwenye msumari. Mchomeleaji alinikatia kikalio kingine, bomba la hewa likasogezwa sentimita nne, likaenea.

Kile kibetri mangi aliniomba. Kinawasha taa ya dukani umeme ukikatika, na kila nikipita kununua sukari ananiambia bodaboda yake inaendelea vizuri.