AST kupanda si lazima iwe ini

Pole dada. Umeuliza kama ini la kaka yako limeharibika, maana vipimo vimeonyesha kimeng'enya cha AST kiko juu, siku mbili baada ya kubeba magunia ya mahindi kutwa nzima pale Kibuye. Si lazima. AST imo ndani ya misuli pia. Mwombe daktari apime CK, yaani kreatini kinasi, ambayo ndiyo ya misuli hasa. Kwa kawaida huwa uniti mamia machache tu kwa lita. Nyuzi za misuli zikipasuka, CK hufika maelfu, na kilele chake huja kati ya siku ya 1 na ya 3.

Maumivu na uvimbe wenyewe usiuogope sana. Chembe nyeupe za damu huingia kusafisha nyuzi zilizokufa, kisha baadhi yake, makrofaji, huamsha seli za akiba zinazojenga misuli upya. (Uvimbe unaokaa miezi bila kupoa ni habari nyingine, huo hula misuli.)

Ninachohofia mimi ni mkojo. Ukiwa na rangi ya strungi au soda nyeusi, hiyo huenda ni mayoglobini, protini ya misuli, iliyovuja kutoka misulini, nayo huumiza figo. Mkimbize hospitali leo hii, usingoje kesho, pengine atahitaji dripu. Na tafadhali asimeze diklofenaki wala ibuprofeni za kujinunulia. Hupunguza damu inayofika kwenye figo, na wakati huu figo zinaihitaji kuliko siku zote.