Dawa umeshampa, sasa rudi ukamwangalie

Wadogo zangu mlioingia wodini juzi hapa Lamu, karibuni sana. Kuna hatua moja ya uuguzi wengi mnairuka, ile ya mwisho, tathmini. Darasani hatua zote tano mwazitaja bila kigugumizi, kumkagua mgonjwa, kutambua tatizo, kupanga, kutekeleza na kutathmini, lakini wodini mtu akishatoa dawa na kutia sahihi kwenye chati anaona kazi imekwisha, na hapo umeandika ulichofanya wewe tu, mgonjwa imemsaidia ama haikumsaidia hujui.

Chukua mtoto wa kuhara, hawa mtawapata sana. Mtoto wa kilo 10 aliyeishiwa na maji lakini si kwa ukali anapewa ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji, mililita 75 kwa kila kilo ndani ya masaa 4, yaani 750. Sasa usimwachie mama jagi na kikombe ukaenda zako, pitapita hapo, mtoto akitapika mwambie mama angoje dakika 10 kisha aendelee polepole. Masaa 4 yakiisha mkague upya kama ndo anaingia: macho bado yamedidimia? ngozi ya tumbo ukiifinya yarudi mara moja ama yakawia? anakunywa kwa pupa? amekojoa? Hayo ndo yanaamua kama anaenda nyumbani na ORS na zinki, anarudia masaa mengine 4, ama anawekwa dripu. Na akianza kulegea kabla ya hapo usingoje masaa yatimie, ita daktari sasa hivi.

Maumivu nayo. Watu wetu ukiwauliza "waonaje?" watakujibu alhamdulillahi hata kama mshono unawakata, hiyo ni imani yao na adabu yao, usiende kuandika kwa faili kwamba hana maumivu. Muulize maumivu ni ngapi kutoka 0 (hakuna kabisa) hadi 10 (makali kupita yote), kabla ya dawa na baada ya dawa, sindano ya mshipa kama nusu saa hivi, vidonge kama saa moja, halafu mwambie ageuke ubavu umtazame uso. Alikuwa 8 sasa ni 7? Bado, plani ibadilike.

Ndo maana lengo liandikwe kwa kitu cha kupimika tangu mwanzo. "Mgonjwa apate nafuu", hilo utalipimaje? Andika maumivu yashuke hadi 3 ndani ya saa moja, hata wa shifti ya usiku atalipima bila kukupigia simu.

Kwa sisi wa visiwani mimi naiogopa zaidi siku ya ruhusa. Mama wa Kizingitini akishapanda boti si mtu wa kurudi kesho kuuliza. Usimwambie "umefahamu?" maana ataitikia tu, mpe pakiti na chupa akuchanganyie ORS mbele yako, akutajie mwenyewe dalili za kumrudisha mtoto: hawezi kunywa, choo kina damu, homa, anazidi kuwa mnyonge. Akikosea mwelekeze tena akuonyeshe tena, hata kama nahodha ameshaanza kuita watu.