Kabla ya Kununua Dawa, Litazame Jani

Sukuma wiki ikianza kutoboka, wengi wetu hapa Malindi hukimbilia duka la pembejeo na kurudi na chupa yoyote waliyopewa. Mboga hiyo wanakula watoto wetu. Ndiyo maana majirani wakija kuniuliza dawa, nawaambia walete jani kwanza. Kila mdudu ana namna yake ya kula.

Geuza jani la sukuma wiki. Ukiona sehemu iliyoliwa upande wa chini ikabaki ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, ujue ni viwavi vidogo vya kijani vya nondo wa kabeji. Ukikigusa kimoja kinafurukuta, kisha kinajiangusha na kuning'inia kwa uzi. Hawa husumbua zaidi kukiwa kukavu. Masika ikishika, mvua huwaosha wengi. Matundu madogo madogo yaliyotapakaa jani zima ni kazi ya mbawakawa wadogo wanaoruka ukiwasogelea. Panzi huanzia ukingoni. Konokono utamjua kwa ute uliokauka ukang'aa.

Mche ukiukuta umelala, umekatwa shinani, fukua udongo pembeni yake kwa kidole. Mara nyingi utamkuta kiwavi mnene wa kijivu amejikunja. Huyu hula usiku, basi toka na tochi baada ya isha umwokote. Ukipanda tena, zungushia kila mche kipande cha karatasi ngumu kilichozama kidogo ardhini.

Kwenye mndimu, kiwavi mchanga anafanana na mavi ya ndege, na watu humpita bila kumwona. Akikua huwa wa kijani, na ukimgusa hutokeza pembe mbili laini nyuma ya kichwa zenye harufu kali. Huyo atakuwa kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano. Mndimu mkubwa unamstahimili, mwache. Mche mdogo anaweza kuumaliza majani, basi mtoe kwa mkono.

Na ukikuta jani la mwaridi limekatwa nusu duara safi ukingoni, usipulize chochote. Ni nyuki anayechukua vipande vya kujengea kiota chake. Jani halili, na maua yetu yanamhitaji.

Viwavi wakizidi mkono, dawa tunayo uani: mkilifi, ambao wengine huuita mwarobaini. Okota mbegu zilizoanguka, ondoa nyama, zianike kivulini, zimenye, kisha utwange kiini. Gramu 50 za unga kwa lita moja ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo ili dawa ishike. Pulizia jioni, maana jua huiharibu upesi, na ufikishe chini ya majani. Usitarajie viwavi waanguke papo hapo. Wataacha kula, washindwe kujivua ngozi, wafe polepole. Rudia baada ya wiki, au mvua ikinyesha.

Nyigu na kinyonga ukiwaona bustanini waache. Nyigu hubeba viwavi kulisha watoto wake, na dawa kali za dukani humwua yeye pia. Ikibidi kweli kununua, mpelekee muuzaji jani pamoja na mdudu mwenyewe, na usome kwenye kibandiko ni siku ngapi za kusubiri kabla ya kuchuma. Kama hapakuandikwa, usiipulizie mboga.