Alovera iliyonikesha chooni

Juzi msomaji kaniandikia: “Dada, nina vidonda vya tumbo, nimeambiwa nisage alovera ninywe kila asubuhi. Nianze na majani mangapi?” Nilicheka, halafu nikakosa raha, maana mimi swali hilo sikumuuliza mtu.

Mwaka juzi nilikaa siku nne bila choo, na uani nina ndoo tatu za alovera. Nikakata jani nene, nikalisaga na ganda lake, nikatia asali. Chungu kama shubiri, na ndiyo shubiri yenyewe! Nilifumba macho nikamaliza glasi. Saa nane usiku tumbo likaanza kusokota. Adhana ya alfajiri ilinikuta nimekwenda chooni mara tisa, natembea nimeshika ukuta. Wifi yangu ndiye aliyenikorogea ORS, na ndiye aliyeusimulia ukoo mzima. Mpaka leo kwenye shughuli hakosi mtu wa kuniuliza, “Juisi ipo?” Haijanitoka rohoni.

Kumbe kati ya ganda na ile nyama ya utelezi kuna utomvu wa manjano, mna kemikali iitwayo aloini ndani yake. Unaharisha vibaya na unapunguza madini ya potasiamu mwilini. Mwaka 2002 Marekani ilizuia dawa za kulainisha choo zenye shubiri kuuzwa bila cheti cha daktari. Bibi zetu walipaka utomvu huo kwenye chuchu ili mtoto aache ziwa, hawakujaza glasi.

Kwenye ngozi, hapo msinibishie. Nilipoungua kiganja kwa kikaango cha chapati, nilikiweka kwenye maji ya bomba dakika ishirini, ndipo nikapaka ute wa alovera. Jani nililisimamisha kwenye kikombe mpaka manjano yote yakachuruzika, nikalimenya, nikaosha ute. Kiganja hakina hata alama. Ila jaribu kidogo kwanza ndani ya mkono, wengine huwashwa, na kidonda kilichoingia ndani usikiguse.

Mnapenda mno kusema “ni ya asili, haina madhara”. Hata upupu ni wa asili, jamani! Mjamzito asinywe kabisa. Anayemeza dawa za sukari au za moyo amuulize daktari kwanza.

Sasa dada yangu, jibu ni hili: hata jani moja usinywe. Vidonda vya tumbo mara nyingi huletwa na bakteria, kapime upewe dawa zake. Ndoo zangu bado ziko uani. Blenda nimempa wifi.