Maswali yenu: ruhusa ambazo hukuzitoa wewe

Shikamoo mtaalamu. Mfumo wetu wa stoo unatumia programu ya kanzidata ya PostgreSQL 12. Kijana wa mazoezi nimemfungulia akaunti ya kusoma ripoti tu. Kuna hatari? (Kariakoo)

Marahaba. Ipo, tena kubwa. Hadi toleo la 14, yeyote aliyeweza kuingia kwenye kanzidata aliruhusiwa kuunda vitu vyake ndani ya skima ya public, yaani sehemu ya pamoja ya kanzidata, hata kama hukumpa ruhusa hiyo. Anaweza kutunga humo funksheni iitwayo lower, jina sawa na ile ya mfumo inayogeuza herufi kubwa kuwa ndogo, ila yake ikapokea varchar badala ya text (zote ni aina za data ya maandishi). Siku wewe msimamizi unapoitumia lower kwenye safu ya varchar, PostgreSQL huchagua inayolingana zaidi na aina ya data, yaani ya kwake, na huiendesha kwa mamlaka yako. Kama ndani yake kuna amri ya kumfanya msimamizi, umempa usimamizi bila kujua. Udhaifu huu ulisajiliwa kwenye orodha ya CVE, ya udhaifu wa programu unaojulikana, kama CVE-2018-1058.

Ingia kwenye kila kanzidata, andika amri hii ya kuwaondolea wote ruhusa hiyo:

REVOKE CREATE ON SCHEMA public FROM PUBLIC;

Kisha kagua vilivyomo, maana amri hiyo haifuti vilivyokwishaundwa. Kama programu ya stoo huunda majedwali humo, ipe akaunti yake ruhusa kwa jina.

Tukihamia toleo la 15, si tumemaliza? (Mbagala)

Bado. Toleo hilo la 2022 liliiondoa ruhusa hiyo kwenye kanzidata mpya. Ukiihamisha ya zamani kwa pg_upgrade, zana ya kupandisha toleo, ruhusa zake zinahama nayo. Amri niliyoitaja hapo juu inakuhusu na wewe.

Kanzidata ya MongoDB ya zahanati yetu iko kwenye seva ya kukodi, haina nenosiri. (Sinza)

Ifungieni mtandao leo, kabla ya kufunga ofisi. Tangu toleo la 3.6 MongoDB hupokea maunganisho ya mashine yake tu mpaka mtu abadilishe, lakini nenosiri haidai mpaka uwashe mpangilio uitwao authorization. Mwanzoni mwa 2017 wahalifu walifuta maelfu ya kanzidata za namna hii zilizoachwa wazi, wakaacha ujumbe wa kudai Bitcoin. Nanyi mmebeba siri za wagonjwa, ambazo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawataka mzilinde.

Programu yetu inaingia kwenye kanzidata ya MySQL kama root, akaunti yenye mamlaka yote. Fundi anasema ndiyo rahisi. (Tabata)

Mkatalieni. Msimbo wa kisanduku kimoja cha kutafutia ukiandikwa vibaya, mgeni anapenyeza amri zake humo na kushika kanzidata zote za seva. Afungue akaunti ya programu peke yake, yenye SELECT, INSERT na UPDATE (kusoma, kuongeza na kubadilisha) kwenye majedwali inayoyahitaji. DELETE (kufuta) aieleze kwanza ni ya nini.